Msibani Nikiwaka

Jana nilipewa heshima ya kusoma wasifu wa marehemu. Nimefika pale alipopata kipaimara, jua likapenya tundu la turubai na kutua kwenye kipara changu. Kilio kikakatika. Mtoto mmoja mkekani akaninyooshea kidole: "Mama, babu anawaka!" Mzee wa ukoo akaninong'oneza kwa upole: "Mwanangu, disko limeisha saa ngapi?" Nikajipangusa kwa leso, glita ikahamia mashavuni. Nikajipangusa tena, ikadondokea kwenye karatasi, na kuanzia hapo marehemu alisomwa akimeremeta.

Chanzo ni sendofu ya Jumamosi. Shangazi wa bibi harusi, gauni lote glita kuanzia shingoni hadi kwenye pindo, alinikumbatia.

Ukiitazama glita kwa lenzi, utaivulia kofia. Ni utando mwembamba wa polyesta, plastiki ya jamii ileile ya chupa za maji, uliopakwa aluminiamu kisha ukakatwa vipande vya pembe sita. Kwa nini sita? Pembe sita hupangana bila upenyo, kama masega ya nyuki, hivyo utando haupotei bure. Duara lingeacha mabaki. Kila kipande ni bapa, na hukurudishia mwanga pale tu kinapoelekeana sawasawa na jua na jicho lako. Ndiyo maana ukitikisa kichwa kidogo, hiki kinazima, kile kinawaka. Tena ni vyepesi mno: umeme tuli kidogo tu unavigandisha kwenye ngozi na nguo. Wapelelezi wa jinai wanaipenda sana, maana chembe moja kwenye shati inaweza kusema nani alikuwa karibu na nani.

Mke wangu naye ameikuta kwenye kola, na ameanza upelelezi.

Ofisini imo kwenye chai.

Sasa nauliza. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na msafiri anayeingia nchini huambiwa auache wake uwanjani. Glita inapita. Dada anayedeki ukumbi usiku anaimwaga mtaroni pamoja na maji machafu, na mtaro wa Dar es Salaam unaishia baharini. Mfuko utauokota, glita utaiokota na nini? Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia uuzaji wa glita huru ya plastiki Oktoba 2023. Waliotunyang'anya mifuko waiongeze na hii. Nanyi kamati za harusi, nunueni maua.