Simba wa Milioni Ishirini

Homa iliingia nyumbani kwetu kupitia simu ya mpwa wangu. Alikuwa amejilaza kwenye kochi, akakutana na picha ya kanda ya video ya katuni, ya aina ileile iliyojaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Shangazi. Chini ya picha kulikuwa na bei: dola 10,000. Akazigeuza kuwa shilingi, akasoma kwa sauti. Zaidi ya milioni 20, kwa kanda moja. Shangazi, ambaye tamthilia ya Kituruki ikiwa hewani hata adhana huisikia kwa mbali, alisikia.

Kufika magharibi hela zilishagawanywa. Paa lilitengewa kanda mbili. Hija ilipewa kanda ya Aladdin. Fungu la mama yangu likakatwa thamani ya sufuria la msikiti lililopotea kwenye sendofu ya binti yake Shangazi mwaka 1998, kesi ambayo mama alihukumiwa bila kusikilizwa na hadi leo hana pa kukata rufaa. Na Baba Mdogo, ambaye hatukumwona tangu Idi, akapiga simu kutuulizia hali ya afya, mmoja mmoja, kisha hali ya sanduku.

Lile sanduku lina historia yake. Kabla ya 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wazanzibari walikuwa wakitazama ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi tulikuwa na redio na, kwa waliojaliwa, deki. Mume wa Shangazi alikuwa baharia, kwa hiyo tulijaliwa. Kila akirudi na meli alileta kanda, na sebule ikajaa watoto wa mtaa mzima, waliotakiwa kunawa miguu mlangoni na kutopumua karibu na deki. Kanda moja ililetwa na ndugu aliyekuwa Marekani. Kule mfumo wao wa televisheni ulikuwa NTSC na deki letu lilikuwa la PAL, basi picha ikawa haina rangi na inapanda juu kama lifti. Tuliitazama hivyohivyo, tukiamini Marekani ndivyo ilivyo.

Kazi ya kuwarudisha watu duniani ikaniangukia mimi. Nikawaeleza kwamba kanda zinazotajiwa bei za ajabu ni za Disney zilizotoka kati ya 1984, walipoanza na Robin Hood, na 1994, zenye alama ya almasi nyeusi ubavuni mwa kasha. Watu wakaichukulia ile almasi kuwa almasi kweli. Sasa The Lion King, fahari ya sanduku letu, ilitoka kwenye kanda Machi 1995, almasi ikiwa imeshaondolewa. Tena ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 30. Kitu walichonacho watu milioni 30 hakigeuki adimu kwa sababu tu kimelala kwetu Mbagala.

"Lakini bei imeandikwa," alisema Shangazi.

Hapo ndipo nilipomshangaa. Huyu ni mwanamke aliyezaliwa Gerezani na kuuza vitenge miaka mingi. Muuza viatu wa Mtaa wa Kongo akikutajia 80,000, hakuna anayerudi nyumbani kutangaza kwamba viatu vina thamani ya 80,000. Utacheka, utaondoka, utaitwa, utavichukua kwa 25,000, na bado usiku utajilaumu. Ile dola 10,000 ya kwenye eBay, soko la mtandaoni, ni ya kufungulia mazungumzo, isipokuwa muuzaji kakaa peke yake na hakuna aliyemwitikia. Ukichungulia zilizonunuliwa kweli, nyingi ya kanda hizo zimekwenda kwa dola chache, chini ya nauli ya kuzisafirisha.

Sikatai kwamba zipo zilizoshika bei. Juni 2022, huko Marekani, kanda ya Back to the Future iliuzwa mnadani dola 75,000. Lakini ilikuwa ya Tom Wilson, mwigizaji wa filamu hiyohiyo, na haikuwahi kutolewa kwenye nailoni yake tangu kiwandani. Nionyesheni nyumba ya uswahilini yenye watoto tisa ambayo kanda ya katuni ilikaa kwenye nailoni hata robo saa.

Shangazi akafunga mtandio, akasema twende Kariakoo, huko ndiko kwenye wanaojua vitu.

Mtaa wa Aggrey tulipokewa na winga kabla hatujashuka kwenye bajaji. Akaitazama kanda, akatutazama sisi, akaapa kwamba mteja anaye, Mhindi mmoja wa Upanga, amekuwa akiiulizia wiki nzima. Akatuzungusha maduka ya simu, chaja na spika, kila duka anaingia mwenyewe kwanza na kutoka akitikisa kichwa kwa huzuni ya msibani. Mwisho akaturudishia kanda na kuomba hela ya maji.

Karibu na Msimbazi mzee mmoja wa duka la redio alionyesha nia. Akavaa miwani, akageuza kasha, akamwona simba. Kumbe mzee ni Yanga. Akairudisha mezani kwa ncha ya kidole. "Mama, hiyo peleka pale klabuni kwao," alisema, akielekeza kidevu upande wa jengo la Simba. "Humu mwangu huyo mnyama hata kwenye kiberiti haingii."

Tulimalizia kwa fundi wa Gerezani, kijana mpole anayeishi kwa kuhamisha harusi za watu kutoka kwenye kanda kwenda kwenye flashi. Madeki yake anayalinda kuliko mke, maana kampuni ya Funai ya Japani iliacha kuyatengeneza 2016 na tangu hapo spea ni za kuchinja deki moja kuponya jingine. Akafungua kifuniko cha mbele cha kanda. Utepe ulikuwa na madoa meupe ya ukungu, zawadi ya joto na unyevu wa pwani. Kisha akaonyesha ubavuni. Kanda ya dukani huwa na kitundu pale, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Chetu kilikuwa kimesindiliwa karatasi na kuzibwa na selotepu.

"Hii imerekodiwa juu," alisema. Akaongeza kwamba angalau ingekuwa ya Lufufu, zile filamu alizokuwa akizisimulia kwa Kiswahili huku zikienda, wateja wangemfuata wenyewe. Nadhani alisema kweli. Simba wa Disney yupo kila mahali duniani. Sauti ya Lufufu ikichangamka juu ya filamu ya Kizungu ilikuwa kwenye kanda za huku kwetu tu, na nyingi zimeliwa na ukungu huuhuu.

Kwa 5,000 alikubali kuisafisha na kuijaribu. Jua likachomoza, twiga wakapita. Nyani Rafiki akamnyanyua mtoto wa mfalme juu ya jabali, wanyama wakainama. Picha ikachanika mistari, na iliporudi tukawa uani kwa Shangazi, usiku wa sendofu, taarabu imepamba moto, na nyuma kabisa ya wacheza, mlango wa uchochoroni, Baba Mdogo enzi za ujana wake akiwa amenyanyua sufuria la msikiti kwa mikono miwili, anatoka nalo kinyumenyume.

Fundi akaulizwa kama anaweza kurudisha kidogo. Akarudisha. Shangazi akataka tena.

Habari zilifika Mbagala kabla yetu. Usiku ule Baba Mdogo alipiga simu, hakuuliza afya ya mtu, akasema anainunua kanda 50,000, taslimu. Kesho yake 80,000. Mama yangu anadai fidia ya kusingiziwa, na anataka ihesabiwe na riba. Mara ya mwisho Baba Mdogo amefika laki na nusu, na Shangazi amemjibu kwamba kuuza hauzi, ila akitaka kuja kuangalia karibu, kiingilio buku, na anawe miguu mlangoni.