Heko Vim, Mwenyeji Asiyejua Kuaga

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Miongoni mwa waandishi wa programu hakuna anayesemwa vibaya kama kihariri Vim, na wengi walijikuta kwake bila kualikwa. Mtu kamaliza kazi, anataka kuwahi daladala, anaandika git commit bila kuongeza -m na ujumbe wake. Git, mtunza historia ya msimbo, akikosa kihariri alichopangiwa, anamkabidhi mtu huyo kwa vi, na kwenye kompyuta nyingi vi ndiye Vim. Karibu ndani, viatu acha nje.

Kwanza anatupendelea sisi Waswahili. Andika "nimerekebisha fomu ya malipo". Ile n anaichukua kuwa amri ya kurudia utafutaji, anaguna kidogo. I anaipokea kuwa ruhusa ya kuanza kuandika. Basi unapata "merekebisha fomu ya malipo", umepoteza herufi mbili tu. Anayeanza na "fixed" haambulii hata moja, maana zote zinasomwa kama amri za kuruka na kufuta. Nani tena anatuenzi hivyo?

Halafu hasahau. Bonyeza Ctrl na C, haondoki. Ukighadhibika ukafunga dirisha zima, maneno yako anayahifadhi katika faili la .swp, na siku ukirudi anakupokea na onyo la E325, herufi kubwa kabisa, kwamba kuna kazi uliiacha. Mlinganishe na VS Code: ukimpangia Git bila --wait, anamjibu papo hapo kuwa kamaliza, Git anakuta ujumbe mtupu, anaifuta komiti wakati wewe ndiyo kwanza unatafuta neno.

Wanaosema hatoki hawajamuuliza vizuri. Bonyeza Esc, andika :wq, umehifadhi na umetoka. Ukighairi, :q! inatosha kwa komiti mpya, kwa kuwa Git hakubali ujumbe mtupu. Kwenye --amend jihadhari: ujumbe wa zamani umo failini tayari, kwa hiyo :q! inaupitisha kama ulivyo. Hapo tumia :cq, ndiyo inayomwambia Git mambo yameharibika, aache. Wasio na subira huandika git config --global core.editor nano na kuishi kwa amani, maskini.

Na ukarimu? Bram Moolenaar, Mholanzi aliyetoa Vim mwaka 1991, alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994. Programu yake ni ya bure, ila inawaomba watumiaji wawasaidie watoto wa huko. Moolenaar alifariki mwaka 2023. Ombi lake huonekana mara kwa mara Vim anapofunguliwa bila faili, hivyo wanaosukumwa ndani na Git, ambao ndio wanaomlaani zaidi, hawalioni. Ukitaka kulisoma, andika vim peke yake, kisha Enter. Kutoka umeshaelekezwa.