Namna ya Kununua Baskete Kambove Bila Kuusumbua Mguu kwa Maswali

Fika sokoni Kambove, huku kwetu Katanga, alfajiri. Robota la mitumba likifunguliwa, wa kwanza ndiye mwenye bahati, na saa hiyo mguu wako bado haujatembea popote: mwembamba, mtulivu, uko tayari kukubali kila kitu. Kiatu kitakukaa kama umepimiwa. Ifikapo saa tisa alasiri mguu huohuo utakuwa umevimba kidogo, kama inavyovimba miguu ya watu wote kadiri siku inavyokwenda, na ukikimbia utavimba zaidi. Hayo ni mambo ya baadaye. Wapo wanaosubiri alasiri ndipo waende kujaribu viatu, tena wamebeba soksi zilezile wanazokimbilia. Hao ndio wanaokosa baskete nyekundu.

Ukishafika, tafuta jina la kampuni, soli iache. Soli huonekana na nani? Ukiwa kwenye futingi, zile mbio za Jumamosi, watu wanatazama ubavu wa kiatu. Kama mfuko wako ni mdogo, usife moyo: kwa bei ya mistari mitatu ya Adidas huku utapewa minne, yaani mmoja ni wa bure.

Sasa namba. Nyuma ya ulimi wa kiatu kuna kibandiko chenye UK, US, EUR na CM. Namba ya EUR hupanda kwa theluthi mbili za sentimita. Ya UK hupanda kwa theluthi moja ya inchi, kipimo ambacho Waingereza walikitoa kwenye punje ya shayiri, nafaka ambayo wengi wetu tunaifahamu ikiwa imeshaingia kwenye chupa ya bia. Kampuni moja ikikupa 42, nyingine itakupa 43 kwa mguu uleule. Kwa hiyo taja ile namba uliyovaa siku ya harusi yako, na usibadilishe msimamo. CM waachie wenye wasiwasi, wale wanaosimama kwenye karatasi ya daftari, kisigino kimegusa ukuta, wakaweka alama mbele ya kidole kirefu kisha wakaazima rula ya mtoto wa shule. Wanapima miguu yote miwili, kana kwamba mmoja unaweza kuuzidi mwingine. Na mara nyingi unauzidi, ndiyo maana wao hununua kwa kuufuata ule mkubwa.

Utavaa, na kidole gumba kitagonga ukuta wa mbele. Muuzaji ataona uso wako kabla hujasema neno.

“Yaya, hii iko ya Bulaya! Vala tu, itapanuka.”

Mwamini. Kiatu cha ngozi hulegea kikivaliwa. Hiki kimeshonwa kwa nyuzi za plastiki na kitakufa hivyohivyo kilivyo, lakini sauti ya muuzaji ni ya mtu aliyesomea. Usisimame wima ili uone kama mbele ya kidole kirefu inabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Usifunge kamba zote mbili na kukimbia mpaka kwenye meza ya muuza unga na kurudi, ukisikiliza kama kisigino kinapanda na kushuka ndani. Watu watakucheka. Bora wakucheke baadaye, ukichechemea.

Mwezi wa tisa mwaka 1960, Katanga ikiwa na miezi miwili tu tangu Moïse Tshombe aitangaze kuwa nchi, Mwethiopia mmoja aitwaye Abebe Bikila alikuwa Roma kwa ajili ya marathoni ya Olimpiki. Alijaribu viatu, havikumkaa, akaviacha. Akakimbia pekupeku kilomita 42 na ushee kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akachukua dhahabu. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena, safari hii akiwa na viatu. Wengine husema huo ni ushahidi kwamba kiatu kibaya ni kibaya kuliko kukosa kiatu. Mimi naona alikosa tu mtu wa Kambove wa kumwambia kitapanuka.

Kuhusu uchakavu, hapa ndipo penye utamu. Shaba na kobalti ya ardhi hii hutoka na malori kwa mpaka wa Kasumbalesa, mali mpya kabisa, na kwa mpaka huohuo huingia mitumba. Kiatu kilichokufikia kilishakimbia kwingine. Sponji iliyo kati ya soli ya chini na mguu, ile inayomeza mshindo, huchoka baada ya kilomita kati ya 500 na 800, na huchoka kimyakimya: juu kitambaa kinang’aa, chini meno ya soli bado yapo, katikati hakuna kitu. Mtu mchunguzi hubonyeza ubavu wa sponji kwa dole gumba aone kama inarudi, hutafuta mikunjo mingi kama ya paji la uso la mzee, hukunja kiatu aone kama kinapinda kwenye vidole au kinavunjika katikati. Halafu hukiweka juu ya meza na kukitazama kwa nyuma. Kikiinama upande mmoja, basi mwenyewe wa kwanza, labda Mbelgiji, alikuwa akikanyaga hivyo, na wewe unanunua kiatu pamoja na mwendo wake. Ukikitaka hicho, ni hiari yako. Lakini tangu kampuni yao ya migodi, Union Minière, iundwe mwaka 1906 mpaka bendera yao iliposhushwa 1960, Wabelgiji walikuwa wametutembeza vya kutosha. Kuendelea kutembea kama Mbelgiji kwa fedha yako mwenyewe ni ukarimu uliopita kiasi.

Lipa kwa dola ukitaka kuona maajabu. Muuzaji ataiinua noti juani, ataipapasa, atakurudishia kwa sababu pembeni ina mpasuko mdogo kuliko ukucha wa mtoto. Wakati huo kiatu anachokuuzia kimeachama mdomo mbele. Usimwonyeshe. Toa franga, mbishane kiwango cha siku, na umwache akushinde. Mtu aliyekuita yaya hawezi kukupunja.

Ukifika nyumbani, osha viatu kwa sabuni na uviweke karibu na mbabula yenye makaa ili vikauke upesi na gundi iachie vizuri. Kukausha kivulini, na karatasi za gazeti ndani, ni kwa wasio na haraka. Wiki ya pili ukucha wa kidole gumba utageuka mweusi. Huo ndio wakati wa kumkumbuka shemeji, yule wa Likasi anayevaa 40. Mpelekee baskete kama zawadi, mbele ya dada yako ili asiweze kukataa, na umpelekee kabla ya mvua za Novemba, maana vikishaingia kwenye tope letu jekundu gundi itaeleza yote.