Sifa za Mwembe Uvunjao Mikono

Wenye kusifu wamesifu minazi, wamesifu mibuyu, wengine wamefikia hata kusifu wabunge. Mwembe ulioinamia bati la jiko langu hapa Mombasa haujapata msifu hata mmoja, ingawa umelea wavulana wa mtaa mzima na kuwavunja mikono bila kubagua dini wala kabila. Leo nausimamia mimi.

Sifa yake kuu ni elimu. Mwaka 2007 mtaalamu wa Norwei, Ellen Sandseter, aliigawa michezo ya hatari ya watoto katika mafungu sita, na mwaka 2011 yeye na mwenzake wakaandika kwamba mtoto achezaye hivyo huzizoea hofu zake kidogo kidogo. Kwao fungu moja hutaka mlima, jingine mto, jingine msitu. Mwembe wangu unayo yote sita kwenye shina moja, tena bila karo. Fungu la kwanza ni kupanda juu. Hilo halina maelezo. La pili ni mwendo wa kasi: tawi lililooza humshusha mwanafunzi kwa kasi ambayo hakuna tuktuk iliyoithubutu. La tatu, zana za hatari: kisu anachokitafuta mama tangu asubuhi kiko juu kileleni, kinakata embe bichi la kulia chumvi na pilipili. La nne ni vitu vikali vya maumbile, mfano maji na moto. Mwembe umejaa wale chungu wekundu tuwaitao maji moto, basi vyote viwili huingia kwenye kaptura kwa mpigo mmoja. La tano, mieleka: tawi ni moja, wenyewe ni watano. La sita ni kupotea, nalo hufanyika mara tu nitokapo mlangoni na ufagio.

Sifa nyingine nazipitia juu juu. Mwembe humpa riziki mkandaji wa viungo, humpa fundi wa bati wateja wa kudumu, na humfundisha mvulana kutunga uongo wenye mantiki kabla hajafika kwao. Wadenmaki iliwabidi wafungue kiwanja maalumu cha mbao na vikorokoro kule Emdrup, mwaka 1943, ili watoto wao wapate raha ya kujigonga. Sisi tulijaliwa.

Lakini bati langu! Jiwe linalokusudia embe hutua jikoni kwangu, na masika hii mvua imenyea ndani ya sufuria ya wali. Nikaenda kwa wazazi. “Ni watoto hao, mzee wangu, wavumilie.” Nikauliza, kwani hawawezi kwenda kuchezea kiwanjani? Wakanitazama kwa huruma. Kiwanja gani?

Kweli, kiwanja gani? Cha mtaa kimeota ghorofa. Cha shule kimetiwa saruji kikawa maegesho ya magari, na mtoto akikimbia hapo huitwa mtundu. Wasichana nao walishaitwa chini ya mwembe zamani, waje wachambue mchele. Na tusidhani haya ni ya pwani tu. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang’ata Road, Nairobi, walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakausukuma ukuta ule, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wenye sare, waliotaka mahali pa kuchezea! Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinampa kila mtoto haki ya kucheza. Hakikusema achezee wapi, na wakubwa wetu wakaufurahia mwanya huo.

Kwa hiyo mvulana akivunjika, mwembe hulaumiwa, mama hulaumiwa, na mimi mwenye jiko hulaumiwa kwa kutoukata. Aliyenyakua kiwanja halaumiwi. Yeye hualikwa kuwa mgeni wa heshima siku ya michezo, inayofanyika ukumbini.

Mwembe siukati. Napendekeza upewe hati miliki ya kipande ulichosimamia, uwe uwanja rasmi wa watoto wa mtaa huu. Ila ifanywe upesi, maana kwa nijuavyo ofisi zetu za ardhi, huenda mtu mwingine anayo tayari.