Mheshimiwa Mbung'o

Simba ana noti ya 2,000. Faru ana ya 5,000, tembo ana ya 10,000, na twiga kapewa mkia wa ndege. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, hana hata sarafu. Nimekaa naye siku tatu Tarangire, nimerudi na vivimbe kumi na tisa shingoni, na naona hakutendewa haki.

Tulikwenda wawili, mimi na shemeji yangu, kwa gari dogo la kuazima, hema, jiko la gesi na kiyoyozi kilichokufa zamani. Dereva wa kutuongoza hatukumtaka. Shemeji alisema wanyama ni wetu na njia ni zetu, tutajiongoza. Alikuwa amevaa jezi ya Taifa Stars. Askari wa getini aliitazama ile jezi, akanitazama mimi, akatabasamu, akatufungulia.

Tabasamu lile nililielewa baadaye. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sijapata kuona shabiki mwingine anayeikimbilia Taifa Stars bila kuuliza matokeo.

Tena ni mkarimu. Huku mtoni, penye uwazi, hakuna anayekusumbua. Lakini kata kuelekea kinamasi cha Silale, gari liingie kwenye miti, uone mapokezi. Mbung'o hufuata chochote kikubwa kinachotembea, na kwake gari letu lilikuwa nyati mwenye harufu ya petroli. Ukifunga vioo, unaiva. Ukifungua, unaliwa. Shemeji alijaribu njia ya kati, kioo nusu, akapata yote mawili.

Hifadhini hairuhusiwi kushuka garini ovyo. Amri hiyo imeandikwa kwenye mabango, na sote tunajua Mtanzania na mabango. Mbung'o haandiki. Shemeji alifungua mlango “kunyoosha miguu kidogo tu”, na kabla mguu wa pili haujagusa ardhi alikuwa amesharudi ndani, amefunga, anaomba maji. Mlinzi gani mwingine anafanya kazi hiyo bila sare wala posho, na ujira wake anautoza papo hapo kwa mkosaji mwenyewe? Kazi yake ni ya mchana. Giza likiingia anafunga ofisi, nawe unapasha wali wako kambini kwa utulivu, zamu ameshamkabidhi mbu.

Na malezi yake! Inzi wa jikoni hutaga mayai kwa mamia akaondoka zake. Mama mbung'o hubeba mtoto mmoja tu kwa wakati, akamlisha maziwa humo humo tumboni, akamzaa akiwa ameshiba na kukomaa kiasi cha kujichimbia udongoni mwenyewe. Uzazi wa mpango wa namna hiyo kliniki zetu zinauhubiri mpaka leo. Nilikuwa nikiyatafakari hayo huku nikimpiga kofi. Alianguka, akajikung'uta, akapanga mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, akarudi palepale.

Hata mitindo ya mavazi inamhusu. Watafiti wengi wanaona pundamilia alivaa milia ili kuwachanganya inzi wanaouma, wakose pa kutua. Sisi tulikwenda na bluu.

Najua mtasema malale. Ni kweli, ni ugonjwa wa kuua, na ng'ombe naye ana nagana yake, sina mzaha na hayo. Lakini ulizeni kwa nini pori lile bado ni pori. Sotoka ilipofagia ng'ombe miaka ya 1890, vichaka vilirudi, mbung'o akarudi navyo, na wafugaji wakajifunza mahali pa kutopeleka mifugo. Wakoloni walipambana naye kwa panga na moto, na kule Rhodesia ya Kusini waliua wanyamapori kwa maelfu ili kumnyima chakula. Hapa Tanganyika, Charles Swynnerton aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori aliacha cheo hicho akaongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga, hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o wa kaskazini akabaki na jina lake: Glossina swynnertoni. Adui alizikwa, jina likabaki linauma watu.

Unguja wao walimshinda. Walimwaga kwa ndege madume yaliyohasiwa kwa mionzi, majike yakapandwa bure, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o. Maziwa yameongezeka, hongera zao. Sasa waende wakatafute tembo Jozani.

Sisi wa kwetu tuliwakuta Silale mchana wa siku ya tatu, kundi zima, maji magotini, waking'oa majani taratibu. Magari ya watalii yaliyokuwa mbele yetu yalikuwa na kopo nyuma linalofuka moshi wa mavi ya tembo, dawa ya mbung'o inayojulikana na madereva wote. Yaani mwenye noti ya 10,000 anakulinda hadi kwa choo chake. Sisi hatukuwa na kopo, na mavi yalikuwa nje, na nje palikuwa na mlinzi.

Shemeji akafikiri. Akavua jezi, akaipitisha dirishani, akaibana kwenye mlango wa nyuma. Kabla ya dakika mbili ilikuwa imegeuka nyeusi. Wachache walibaki na sisi, pengine wasiofuata mpira. Tukashusha vioo vyote vinne, yeye kifua wazi, tukawatazama tembo mpaka shingo zikauma kwa sababu nyingine.

Jioni tulipotoka, askari alikuwa yule yule. “Mmewaona wanyama?” akauliza. Shemeji akashuka, akaichomoa jezi mlangoni, akaikung'uta mara mbili, akaivaa.