Jinsi ya Kufika Maporomoko ya Sanje Bila Kuona Kitu

Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, yaliko maporomoko hayo, ilianzishwa mwaka 1992. Ina kilomita za mraba 1,990, kichanga mbele ya Hifadhi ya Nyerere, na haina barabara za magari ndani. Unaingia kwa miguu yako. Usikate tamaa lakini: ukifuata hatua hizi utapanda, utashuka, na utarudi mtupu kama ulivyokwenda.

Kwanza, vaa raba nyeupe. Njia ya Sanje ni mlima, mizizi na tope. Macho yakishinda chini kulinda raba, hutasumbuliwa na mbega wekundu wanaorukaruka juu ya kichwa chako, ambao kwao ni huku tu, duniani kote.

Pili, ulizia simba. Kila baada ya dakika kumi. Mwongozaji akikwambia ungekwenda Mikumi, nuna. Ukikuta kinyesi cha tembo, ziba pua upite. Usije ukajiuliza mnyama wa uzito ule alipandaje mteremko unaokuhemesha wewe.

Tatu, beba spika. Usahau maji, spika usisahau. Mwaka 1979 watafiti wawili walikuwa katika msitu huu wakasikia mlio wa mnyama. Mwenyeji aliyewaongoza akawaambia: huyo ni ngolaga. Vitabuni hakuwemo. Ndivyo wataalamu walivyomjua kima wa Sanje, ambaye wanakijiji walikwisha kumpa jina zamani. Wangekuwa na spika kama yako, wangeokoka na usumbufu wote huo wa kuandika.

Nne, yape maporomoko mgongo. Maji yanaanguka mita 170 hivi, kwa ngazi tatu, na ukungu wake unakulowesha ukiwa bado mbali. Wewe tazama simu. Picha ya kwanza umefumba macho, ya pili tumbo limetokeza. Endelea hadi chaji iishe. Kuoga kwenye bwawa waachie wasiosuka nywele.

Tano, wahi kushuka, mtandao uko bondeni. Njiani mwongozaji anaweza kusimama ghafla, akainua kidole, sikio kalielekeza kwenye vilele vya miti. Usizime muziki. Akikuuliza kama umesikia, mjibu hujasikia kitu.

Hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, utakuwa umesema kweli.