Pongezi kwa Tume Isiyoiona Shahada

Kwa Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC),
Upper Hill, Nairobi.

KUH: SHAHADA ZA WALIMU WALIOSOMA WAKIWA KAZINI

Waheshimiwa Makamishna,

Naandika kuwapongeza kwa macho mliyojaliwa. Yanaiona vizuri alama ambayo mtu aliipata kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Yaliiona pia risiti ya shilingi 6,000 aliyolipia mafunzo mliyoyafanya ya lazima mwaka 2021. Ila shahada iliyo katikati ya hayo mawili, aliyoisomea miaka minne au mitano akiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto, yanaipita kama matatu inavyompita abiria mwenye magunia. Kifungu cha 237 cha Katiba kimewapa kazi ya kuwasajili walimu, kuwaajiri na kuwapandisha vyeo. Hakikutaja kwamba kazi hiyo ifanywe jicho moja likiwa limefumbwa, kwa hiyo sifa za ubunifu huo ni zenu peke yenu.

Huenda mmesahau shahada hiyo hupatikanaje, maana ofisini hufika ikiwa nakala iliyopigwa muhuri. Mwalimu wa P1, yaani mwenye cheti cha kufundisha shule ya msingi, hujiandikisha kwa masomo ya likizo. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, wanafunzi wake wanarudi nyumbani naye anapanda gari kwenda chuoni. Karo ni mkopo wa Sacco, na mkopo hukatwa kwenye mshahara, na sheria ya ajira hairuhusu makato yapite theluthi mbili za mshahara, basi mara nyingi ni hesabu hiyo inayoamua kama muhula huu atasoma au atangoja. Mwaka 2021 na 2022, kalenda ya shule ilipobanwa ili kufidia miezi iliyoliwa na Korona, likizo zilikatwa hadi zikabaki vipande. Kalenda hiyo ilimfikiria kila mwanafunzi nchini isipokuwa yule anayeshika chaki. Na akishavuka hayo yote, bado kuna mazoezi ya kufundisha: mtu aliyefundisha miaka kumi na miwili anakaguliwa kuona kama anaweza kusimama mbele ya darasa.

Zamani safari hiyo ilikuwa na kituo. Mwalimu wa P1 akileta shahada alipandishwa kundi la kazi. Kisha ukaja mkataba wa mishahara wa 2017 hadi 2021, ule wa shilingi bilioni 54, na pamoja nao mwongozo mpya wa kupanda vyeo. Sasa mwalimu wa P1 huanzia daraja la B5, mwenye shahada anayeajiriwa shule ya upili huanzia C2, na shahada anayojipatia wa B5 haimpandishi daraja, hubaki fremu ukutani. Mwaka 2019 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba wanachama wa chama cha walimu cha KNUT wapandishwe kwa miongozo ya zamani. Mliitii hukumu hiyo kwa bidii ya kutisha: mkawaambia wanachama hao kwamba, kwa kuwa wamechagua ya zamani, basi nyongeza za mkataba mpya haziwahusu. Walikihama chama chao kwa maelfu. Ni nadra mshindi wa kesi kuonekana akikimbia ushindi wake.

Mtasema, na hapa sina ubishi mkubwa, kwamba serikali si mashine ya kulipa kila karatasi inayoingizwa. Ni kweli. Wakati wa kupandishwa moja kwa moja, wapo waliosomea lolote lililokuwa rahisi kupatikana, na shahada ya usimamizi wa wafanyakazi haimsaidii mtoto wa darasa la nne kugawanya sehemu. Mwajiri ana haki ya kuuliza: umejifunza nini kinachonifaa? Lakini hilo ni swali, na swali huulizwa shahada moja moja. Ninyi hamkuuliza. Mlifunga dirisha, aliyesomea hisabati akabaki nje pamoja na aliyesomea lolote, kisha mkaita hatua hiyo kuthamini utendaji kazi. Mtasema pia kwamba vyeo hufuata nafasi zilizopo, na kwamba shule ya msingi haina nafasi ya mtu wa shahada. Hoja hii ilikuwa na nguvu hadi Januari 2023.

Mwezi huo Gredi ya Saba ilifunguliwa, sekondari msingi ikaanza, na ikawa dhahiri kwamba walimu wa kuifundisha hawatoshi. Mlikwenda kuwatafuta wapi? Katika zile zile shule za msingi, miongoni mwa wale wale wa P1, mkiulizia nani ana shahada yenye masomo mawili ya kufundisha. Wakapatikana maelfu. Vyeti vilivyokuwa havisomeki vikasomeka hadi jina la somo. Hazina ya taifa haikuwa imechangia karo hata shilingi. Akiba hiyo ya wataalamu iliwekwa na walimu wenyewe, likizo baada ya likizo, huku mkiwaeleza kwamba haina faida. Huyu ndiye mgeni aliyekataa kuichangia harusi, halafu akatangulia wengine kwenye pilau. Nafasi ikikosekana, shahada si kitu. Nafasi ikipatikana, shahada ni sharti, na kupangiwa kazi mpya si lazima kuwe kupandishwa daraja.

Hata hivyo, sio wote walioitwa, na hapa ndipo heshima yangu kwa macho yenu inapozidi. Kusajiliwa kwa shahada kufundisha shule ya upili kunadai C+ ya jumla kwenye KCSE na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Chukueni mtu aliyepata C, akasoma stashahada, akafanya kazi, akajiunga na chuo kikuu kwa mlango wa stashahada, akafaulu hisabati ya miaka minne. Chuo kikuu kinasema anaijua hisabati. Mtihani aliofanya kabla hajaanza kunyoa ndevu unasema haijui. Tume inamwamini nani? Mtetezi wa kanuni hii atasema kwamba kuna shahada dhaifu, na C+ ni ukuta wa mwisho wa kumlinda mtoto. Shahada dhaifu zipo, sikatai. Ila kama shaka yenu ni juu ya ujuzi wa somo, kuna chombo kinachopima ujuzi wa somo, nacho huitwa mtihani. Mwiteni, mpeni karatasi ya hisabati leo, sahihisheni. Kumpima mtu mzima kwa alama ya ujana wake ni kama kumnunulia sare kwa vipimo vya siku alipoingia kidato cha kwanza.

Cha kushangaza ni kwamba Tume haikosi imani katika elimu ya watu wazima. Mwaka 2021 mlizindua mafunzo ya lazima ya kukuza taaluma: moduli sita, kila moja ya miaka mitano, shilingi 6,000 kwa mwaka, na cheti cha kufundisha kikihuishwa kwa kuzifuata. Kwa hesabu ya darasa la nne hiyo ni miaka 30 na shilingi 180,000. Kwa hiyo mwalimu anaaminika kwamba anaweza kujifunza akiwa kazini, mradi somo hilo mmelichagua ninyi na ada mmeipanga ninyi. Akilichagua mwenyewe na kulilipia kwa mkopo wake, imani inakatika.

Ombi langu ni dogo. Andikeni mahali pamoja, kwa lugha ya kawaida, ni shahada zipi zinazofaa, zinampandisha mwalimu hadi daraja gani, na aliyepata C afanye mtihani upi ili afunguliwe mlango. Mtu anayekaribia kuchukua mkopo wa miaka minne ana haki ya kuyajua hayo kabla ya kutia sahihi. Na jibu likiwa tayari, tafadhali msilitume Aprili, Agosti wala Desemba. Wanaolingoja watakuwa darasani.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi

Nakala: vyama vya walimu, KNUT na KUPPET; ofisi za karo za vyuo vikuu